Naomba ushauri: tuuze vitabu vya klabu ili tutunze mto?

Wanachama wenzangu, naomba ushauri wenu. Klabu yetu ya wavuvi wanaotumia ndoano zilizofungwa manyoya ili zifanane na wadudu ina maktaba ndogo, na humo mna toleo la zamani la kitabu cha uvuvi cha mwandishi Mwingereza Izaak Walton kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1653, ambacho rafiki yake Charles Cotton alikiongezea mwaka 1676 sehemu nzima kuhusu uvuvi wa namna hii. Baadhi yetu wanapendekeza vitabu viuzwe na fedha zitumike kupanda miti kwenye kingo za mto, kwa kuwa kivuli huyapoza maji na trauti, samaki wa maji baridi, hawavumilii joto.

Hoja hiyo siipingi. Kinachonitia wasiwasi ni madaftari ya wanachama waliotutangulia, ambayo yamewekwa fungu moja na vitabu ingawa sidhani kama yatapata mnunuzi: kila ukurasa una tarehe, hali ya maji na wadudu walioonekana jioni ile, na pengine ndoano yenyewe imechomekwa pembeni, manyoya yake yakiwa yameliwa na nondo. Je, kumbukumbu kama hizi zinaweza kuwafaa watafiti wa mito? Na karatasi zilizoingiwa na kutu ya ndoano huhifadhiwaje?