Ushauri: Ugwe wa kamba ya nyavu na marekebisho mengine niliyoufanyia upinde wa mazoezi

Muulizaji, Jinja

Ndugu zangu, salamu. Kila Jumamosi ninawafundisha vijana kumi na wawili kulenga shabaha kwa upinde, na upinde tunaoutegemea zaidi ni wa mbao, unaofunguka vipande vitatu, wenye urefu wa inchi 68 na nguvu ya ratili 24 unapovutwa inchi 28. Ugwe wake wa polista ulichakaa mwezi uliopita. Kwa kuwa kuagiza mwingine kutoka nje huchukua majuma mengi, na nauli ya mzigo hupita bei ya ugwe wenyewe, nilikwenda kwa wauza nyavu kando ya ziwa, nikanunua kamba ya nailoni, nikasokota ugwe kwa mikono yangu.

Mishale ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Ilipofika kama ishirini, ugwe ulianza kumchapa kijana mmoja kwenye mkono alioshikia upinde, chini kidogo ya kiwiko, hadi pakavimba. Nilipopima nafasi kati ya ugwe na kishikio, nilikuta imeshuka kutoka inchi 8 na nusu hadi 7. Nilisimamisha mazoezi papo hapo, na jambo hilo limenikosesha raha, kwa sababu mtoto wa mwenzangu ameumia kwa kitu nilichokitengeneza mimi.

Naomba kujua kama nailoni hii inaweza kurekebishwa. Pia, fundi mmoja wa vyuma amenitengenezea fimbo yenye uzito ya kufunga mbele ya kishikio ili upinde utulie, lakini inaingia kwa shida. Tatu, ninafikiria kuyakwangua mabawa ya upinde, yaani vile vipande viwili vinavyopinda, ili vijana wadogo waweze kuuvuta.

Mjibu wa kwanza, Mbarara

Mwalimu, kabla ya yote nakuomba uweke hiyo msasa chini. Nilikuwa na upinde kama wako, nami niliona ni mgumu kwa mwanangu, nikakwangua bawa la chini kwa subira ya siku mbili. Mabawa ya namna hiyo yana ubao mwembamba katikati, na kila upande umegandishwa tabaka la faiba, yaani nyuzi za kioo, na tabaka hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya nguvu. Siku ya tatu nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, nikaona ufa mweupe umetembea kutoka ukingoni hadi katikati ya bawa. Upinde wa mti mtupu, kama ule waliouchonga wazee wetu, hukwanguliwa upande wa tumbo mpaka mabawa yapinde sawasawa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuutengeneza. Wa faiba haukubali. Vumbi lake nalo ni baya kwa mapafu.

Isitoshe, huenda tatizo unalotaka kuliondoa halipo. Ratili 24 zilizoandikwa kwenye bawa ni za mtu anayevuta inchi 28. Kijana mwenye mikono mifupi anayevuta inchi 24 tu hupungukiwa na ratili moja na nusu hadi mbili kwa kila inchi, kwa hiyo anashika kama ratili 16 hadi 18. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wachinjaji, uupime upinde kwa kila kijana mahali anapofikia, ndipo uamue.

Mjibu wa pili, Kampala

Mzee wangu, kuhusu nailoni jibu ni kuiacha, wala hakuna namna ya kuisokota itakayokuokoa. Nailoni huvutika, na ndiyo maana inafaa kumshika samaki anayejirusha, lakini ugwe ukivutika unakaribia kishikio, nao ukikaribia kishikio unaufikia mkono. Usikimbilie pia zile nyuzi za kisasa zinazovutika kidogo sana, kwa sababu kwenye upinde wa zamani ambao ncha zake hazikuimarishwa, kishindo chake kinaweza kuikata ncha ya bawa mahali kitanzi kinapokaa.

Nenda kwa mafundi wanaoshona viti na viatu, uombe uzi mnene wa polista, kwa kuwa ndio jamii ile ile ya ugwe wako wa kwanza. Kisha upime nguvu yake hivi: funga uzi mmoja juu ya boriti, ning'iniza jerikani tupu, umimine maji polepole mpaka uzi ukatike. Kila lita ni kilo moja, na uzito wa jerikani yenyewe uongeze. Ugwe wote unapaswa kuweza kubeba angalau mara nne ya nguvu ya upinde, yaani ratili 96, ambazo ni kama kilo 44. Uzi mmoja ukikatika kwa kilo 5, tisa zinatosha kwa hesabu, lakini mimi ningeweka 14, maana hesabu haijui mafundo.

Pigilia misumari miwili mirefu kwenye ubao, uiachanishe inchi 64, yaani inchi nne pungufu ya upinde. Zungusha uzi bila kuukata mpaka idadi itimie, viringisha vitanzi na katikati kwa uzi mwembamba, upake nta ya nyuki, kisha uuache ugwe kwenye upinde usiku kucha kabla ya kurusha. Asubuhi nafasi ikiwa imepungua, ongeza misokoto. Mwisho, pachika mshale kwenye ugwe uelekee chini, uugonge ugwe kwa kidole: mshale unapaswa kubaki, kisha uanguke kwa pigo jepesi. Ukining'inia tu, katikati pamekuwa panene mno; ukianguka wenyewe, pamekuwa pembamba, na siku moja mtoto ataachia ugwe bila mshale.

Mjibu wa tatu, Entebbe

Ndugu Mwalimu, nimeshughulishwa na hilo neno "inaingia kwa shida". Tundu la mbele ya kishikio kwa kawaida lina meno ya inchi, yaani unene wa inchi 5/16 na meno 24 kwa inchi, na fundi wetu wa mtaani hukata M8, yaani meno ya bolti ya milimita 8, kwa sababu unene unakaribiana sana. Bolti ya M8 huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza. Ukiilazimisha kwa spana, inakula shaba ya tundu. Itoe leo. Kama kuna kijana anayekusudia kushindana katika kundi la upinde mtupu, yaani usio na kifaa cha kulengea, fimbo hairuhusiwi. Uzito unaruhusiwa, mradi upinde usio na ugwe uweze kupita kwenye pete ya sentimita 12.2.

Muulizaji, Jinja

Nawashukuru sana. Msasa nimeurudisha dukani. Mizani imeonyesha kwamba binti mdogo kuliko wote anashika ratili 15 tu, na anauvuta bila kutetemeka. Uzi wa polista ulikatika kwa kilo 6. Nimeweka nyuzi 14, na baada ya mishale 60, niliyoirusha mwenyewe, nafasi ilikuwa bado inchi 8 na nusu. Yule kijana nimemshonea kinga ya ngozi ya mkono, na nimekwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Fimbo nimeitoa: kwenye meno yake kulikuwa na vinyweleo vya shaba vinavyong'aa, lakini meno ya ndani ya tundu bado yapo.