Hivi hizi sizoni za upelelezi zinaweza kumponza mtu mahakamani?

Mdau wa Ngamiani: Wakuu, jana tulikuwa kibanda umiza Barabara ya 12 tunacheki sizoni imetafsiriwa na dijei, jamaa kaokota unywele mmoja tu kwenye kapeti, kahawa yangu haijapoa muuaji keshajulikana. Nikawaza, kule Marekani raia 12 wa kawaida ndo wanaamua una hatia au huna, si wanaenda na haya mambo kichwani?

Babu Kashata: Mjukuu wangu, hiyo wameipa jina kabisa, athari ya CSI, ile tamthilia ya upelelezi ya Marekani ilioanza 2000. Jaji mmoja wa Michigan, Donald Shelton, aliwauliza watu kama 1,000 walioitwa kuhukumu kesi, wapenzi wa CSI wakawa wanategemea vipimo vingi zaidi, ila kwenye kutia mtu hatiani tofauti haikuwa ya kutisha. Mie naona waendesha mashtaka walioilaumu CSI wakishindwa kesi walikuwa wanatafuta mchawi tu.

Binti Makorora: Shkamoo babu. Huku kwetu Tanzania hukumu ni ya jaji, wazee wa baraza hata wakikaa wanatoa maoni tu na jaji hafungwi nayo. Ila jaji nae ana tivii kwake 😂 Na vinasaba vinapimwa kwa Mkemia Mkuu, hamna cha dakika 40 kama kwenye sizoni hapo.

Mdau wa Ngamiani: Haya, maana juzi nimemwambia jirani kuku wangu kamla yeye, manyoya yako mlangoni kwake, ananiuliza alama za vidole ziko wapi!