Faili la uzito wa korosho hukwama njiani, modemu kwa modemu, Masasi hadi Mtwara

Karani wa Ghala, Masasi
Ndugu zangu, salaam. Chama chetu cha msingi kina kompyuta ya zamani yenye Windows 98, na msimu wa korosho ukifunguliwa hutupasa kupeleka kila jioni, katika ofisi ya Mtwara, faili la uzito na madaraja ya mzigo uliopokelewa. Ghalani hakuna intaneti ila simu ya mezani ipo, hivyo tumefunga modemu (kifaa cha kupitisha data ya kompyuta katika laini ya simu) huku na kule na tunapigiana moja kwa moja kwa HyperTerminal, programu ya Windows ya kuwasiliana kwa modemu. Modemu huitikiana vizuri na barua fupi hufika salama, lakini faili la uzito hukwama palepale kila mara, likishapita kilobaiti 2. Tunatumia Xmodem, utaratibu wa kutuma mafaili, na udhibiti wa mtiririko (namna ya kuamuru data isimame au iendelee) ni Xon/Xoff. Aidha, modemu zimeandikwa kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde lakini hazijawahi kuvuka 33.6. Je, tununue nyingine?

Fundi wa Mikindani
Ndugu Karani, laini ingekuwa mbovu, faili lingekatika leo hapa, kesho pale. Linalokwama mahali pamoja kila siku lina sababu katika mipangilio. Xmodem hukata faili vipande vya baiti 128 na kukipa kila kipande namba, nayo namba hiyo husafiri kama baiti moja. Sasa Xon, amri ya kuendelea, ni baiti yenye thamani 17, na Xoff, amri ya kusimama, ni 19. Kinapofika kipande cha 17, modemu huidhani namba yake kuwa amri ya kuendelea, huimeza, na upande wa pili hupokea kipande kilichopungua, hukikataa, hukiomba tena na kukikataa tena. Vipande 16 vilivyotangulia ni baiti 2,048, ndizo hizo kilobaiti 2 zako.

Chagueni udhibiti wa maunzi, yaani RTS/CTS, ambao hupita katika nyuzi zake wenyewe bila kuchanganyika na data, katika kompyuta zote mbili. Kama modemu ni ya nje, kagueni waya wake, kwa kuwa waya wa nyuzi tatu hauwezi kubeba ishara hizo. Kisha hamieni Zmodem, utaratibu mwingine wa kutuma mafaili, ambao pia huendeleza faili pale lilipokatikia.

Mzee wa Nachingwea
Msinunue kitu. V.90, kanuni ya modemu za 56, hufikia kasi hiyo kwa upande mmoja tu, kutoka kwa mtoa huduma aliyeunganishwa kidijitali na mtambo wa simu. Modemu mbili za kawaida zikipigiana, kikomo ni kanuni ya V.34, kilobiti 33.6 kwa sekunde. Megabaiti moja huchukua dakika 4 hadi 5, na uzito wa siku moja ni mdogo mno kuliko hapo.

Karani wa Ghala, Masasi
Ahsanteni. Tumebadili mipangilio pande zote na faili limefika zima. Limebaki moja: ofisi ya Mtwara hufungwa kabla hatujamaliza kupima mzigo. Modemu ya huko inaweza kupokea yenyewe?

Fundi wa Mikindani
Inaweza. Andikeni ATS0=3, amri ya modemu kupokea simu yenyewe, katika dirisha la HyperTerminal la Mtwara, nayo itapokea simu katika mlio wa tatu; msiweke 1, maana mkulima anayepiga mchana kuulizia malipo yake atalakiwa na kelele za modemu kabla mtu hajanyanyua simu. AT&W huhifadhi mpangilio huo. HyperTerminal iachwe wazi, nayo Zmodem itaanza kupokea bila kubofywa.