Fotokopi inatikisa meza: mpira, sponji au kabati?

Dada_Steshenari: Wakuu, naombeni ushauri. Ofisi iko ghorofa ya kwanza, fotokopi ya mtumba ya kilo 80 hivi ipo juu ya meza ya mbao. Ikianza kazi, kikombe cha chai kinatembea chenyewe. Wakili wa chini ameshapanda mara mbili kulalamika. Kuna wanaosema niweke mpira kwenye miguu, wengine sponji la godoro, wengine nijenge kabati la kuifunika.

MzeeWaTona: Sponji achana nalo. Uzito ule unalibonyeza lote, halafu mashine inalala upande na karatasi zinaanza kukwama. Chukua mpira wa unene wa sentimita 2, kata vipande vinne sawasawa.

Kibwengo77: Kabati ndiyo dawa. Mimi printa yangu naifunika, kimya!

MzeeWaTona: @Kibwengo77 printa ndogo sawa. Hiyo ya dada ina rola la joto linalokaribia nyuzi 200 ili unga wa wino uyeyuke na kushika karatasi. Ukiifungia joto humo ndani umeiua. Na ukiacha matundu ya hewa, kelele inatokea hapohapo.

FundiBoriti: Mnahangaika na mashine wakati meza ndiyo ngoma yenyewe. Iteremshe sakafuni, lakini isiwe katikati ya chumba, zege hapo ndipo linapocheza zaidi. Isogeze karibu na nguzo, kisha weka huo mpira. Bila mpira, wakili atapanda mara ya tatu.

Neema_Z: Na trei za mayai ukutani je?

FundiBoriti: Zinapunguza mwangwi kidogo humo chumbani. Mtikisiko unaopita sakafuni hauzijui kabisa.

MzeeWaTona: Dada, ilianza lini? Kama zamani ilikuwa kimya, mpira utaficha ugonjwa tu. Kagua gia. Ila usije ukapaka oili kwenye rola za karatasi, zitateleza.

Dada_Steshenari: Tangu tuihamishe mwezi uliopita. Nimeweka pima maji sasa hivi: mguu mmoja wa nyuma unaelea! Nimeuzungusha ukagusa meza, kikombe kimetulia. Bado kuna mlio wa kukwaruza upande wa kulia, fundi anakuja Jumamosi. Mpira nanunua hata hivyo, kwa ajili ya wakili.