Farasi jike wa miaka 27 anakonda na baridi ndiyo kwanza inaanza: blanketi au chakula?

Saisi_Duluth

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua farasi kwenye baridi ya kweli. Zizi liko kaskazini mwa Minnesota, farasi ni wanne, mmoja ni jike wa miaka 27. Desemba imeingia, usiku tunashuka hadi −15 sentigredi, na Januari −25 ni kitu cha kawaida huku. Wale watatu wako sawa. Huyu bibi ana manyoya marefu mazito, ukimtazama kwa mbali utasema amenona, ila ukipitisha mkono mgongoni unaugusa uti. Anakula nyasi kavu hori moja na wenzake, jioni anapewa pumba za ngano zilizolowekwa maji ya moto. Maji yapo kwenye pipa nje, barafu inavunjwa asubuhi na jioni. Banda lina kuta tatu. Mwenye farasi anataka kununua blanketi zito. Litatosha? Vipimo vyake: mzunguko wa kifua sm 180, urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio sm 165.

KwatoNne

Umefanya vizuri kuleta vipimo. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. 180 × 180 × 165 ÷ 11,880 inatoa kilo 450. Andika ukutani na tarehe yake. Pima tena kila baada ya wiki mbili, mkanda upite palepale nyuma ya kiwiko na nundu ya mabega, maana macho yatakudanganya mpaka Machi manyoya yakianza kunyonyoka.

Blanketi linazuia joto lisitoke. Joto lenyewe linatengenezwa tumboni, nyasi zinapochachuliwa na vijidudu kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana nafaka haimpashi farasi moto kama nyasi zinavyompasha, na pumba za moto zinampasha kwa dakika chache tu. Tena pumba za jioni zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, zikitolewa kila siku zinaharibu uwiano. Nyasi ndiyo kuni.

Farasi mwenye manyoya ya baridi yaliyo makavu anajimudu hadi karibu −8 bila kuongezewa chochote. Akilowa, mpaka huo unapanda hadi kama 15 juu ya sifuri. Chini ya −8, kila nyuzi moja ya sentigredi inamdai nishati zaidi kwa karibu asilimia 2. Kwa usiku wa −23 hiyo ni asilimia 30. Kilo 450 zinataka kilo 9 za nyasi siku za kawaida, yaani asilimia 2 ya uzito wake, kwa hiyo usiku kama huo ongeza kilo mbili na nusu hadi tatu. Pima kwa mizani ya kuning'iniza. Kukadiria kwa mafungu hakufai, fungu moja na jingine hutofautiana sana uzito. Na nyongeza hiyo itolewe usiku, saa nne hivi, ili tumbo liwe na kazi mpaka alfajiri.

Sasa swali la msingi: je, anazitafuna? Miaka 27 magego mengi yamekwisha au yamelegea. Angalia chini ya hori asubuhi. Ukikuta vidonge vya nyasi vilivyosokotwa kama sigara, vina mate na vimetafunwa nusu, basi anatema. Angalia pia kinyesi, kama nyasi ndani yake ni ndefu kuliko sm 2 hivi hazijasagwa. Na simama pembeni uangalie wakati wa kula. Farasi mzee hufukuzwa horini kimyakimya, mwenzake anainamisha masikio tu naye anaondoka. Weka mafungu ya nyasi matano kwa farasi wanne, yawe mbalimbali.

Mama_Nyota_Calgary

Nakubaliana na KwatoNne kuhusu nyasi, lakini kwa huyu nyanya mimi ningemvisha. Farasi mwenye afya na banda zuri hahitaji blanketi, manyoya yake yanasimama na kushika hewa kuliko kitu chochote cha dukani. Mzee aliyekonda ni habari nyingine, nishati anayoitumia kujipasha ndiyo ingejenga misuli ya mgongo. Chukua lenye ujazo wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, nje lisipitishe maji. Ukichukua jepesi lisilo na ujazo utakuwa umelaza manyoya bila kumpa badala yake, na hapo atapata baridi zaidi kuliko akiwa wazi.

Usimvishe akiwa amelowa hata siku moja. Mfute kwanza kwa mataulo na nyasi kavu mpaka mizizi ya manyoya ikauke. Na livuliwe kila siku. Mkono upite mbavuni, kifuani, na kwenye nundu ya mabega. Dalili za kwanza za kidonda ni manyoya yaliyokatika na ngozi inayong'aa, hapo blanketi halimkai, badilisha saizi kabla ngozi haijafunguka. Mkanda wa tumbo uache nafasi ya kiganja kimoja. Kwetu Alberta kuna upepo wa chinook, asubuhi −20 na mchana theluji inayeyuka, farasi anatoka jasho chini ya blanketi zito, jua likizama jasho hilo linamgandia. Kwenu siku ya joto ikija, mvue.

Banda nalo: mgongo wake uangalie upepo unakotoka, na sakafu iwe na maranda au majani ya ngano unene wa sm 15 au zaidi. Mzee mwenye viungo vibovu halali chini akihofia kushindwa kuinuka, kwa hiyo mpe mahali laini pasipoteleza. Kuta zisizibwe kabisa. Ukiingia na harufu ya mkojo ikakuwasha macho, mapafu yake yanaumia usiku kucha.

Saisi_Duluth

Asanteni sana. Vidonge vya nyasi vipo, vingi, upande mmoja wa hori anaposimama yeye. Daktari wa mifugo anakuja kumwangalia meno. Je, kama magego yameisha nimlishe nini, na nitalowekaje kitu kwenye baridi hii?

Fundi_Lijamu

Daktari atapiga tupa kingo kali na kung'oa linalocheza, ila jino lililokwisha halirudi. Kuanzia hapo ni kukaguliwa kila miezi sita.

Jimboni kwenu kuna bonde la Red River, kiazisukari kinalimwa huko kwa wingi, basi machicha yake hayatakupiga chenga. Nunua yasiyo na molasi. Machicha yaliyokatwa katwa: kipimo kimoja kwa viwili vya maji ya uvuguvugu, nusu saa hadi saa moja. Ya tembe ngumu: kimoja kwa vitatu, na yaache mpaka ukibonyeza kwa vidole kusiwe na kiini kigumu. Ongeza tembe za nyasi au za luseni (alfalfa), nazo zilowekwe mpaka ziwe uji mzito. Loweka ndani ya nyumba au chumba chenye joto, kwenye ndoo yenye kifuniko, umpelekee yakiwa vuguvugu. Kinachobaki saa mbili baadaye mwaga, kikiganda hakiliki na kikichacha kinamwumiza.

Kama nyasi ndefu hazimfai kabisa, chakula kamili cha farasi wazee ndicho kinachukua nafasi yake, ila soma mfuko uone kama kimetengenezwa kuliwa peke yake. Kilo 450 zitahitaji kilo 7 hadi 9 kwa siku, zigawe milo minne au mitano, mlo usizidi kilo 2. Badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10. Mtenge na wenzake wakati wa kula, vinginevyo unawanenepesha wao.

Kikavu ndicho kinachokaba. Farasi asiye na meno hubugia, tembe zinavimba kooni, utaona ananyoosha shingo, anakohoa, mate na chakula vinatoka puani. Ondoa chakula na maji, acha kichwa chake kiwe chini, mpigie daktari. Usimmiminie maji kwa chupa, yataingia mapafuni.

Jambo moja usiliache: manyoya marefu uliyoyasifia. Yakiwa yanajipinda, na kiangazi hakunyonyoka vizuri, anakunywa na kukojoa sana, tumbo limening'inia, mwombe daktari apime homoni ya ACTH. Tezi iliyo chini ya ubongo huharibika kwa wengi wa umri huu. Dawa ipo, pergolidi, ya kila siku. Hao ndio kwato zao hupata moto na maumivu kwa sukari kidogo tu, ndiyo sababu nimesema machicha bila molasi.

KwatoNne

Narudi kwenye lile pipa la maji, maana hapo ndipo farasi wengi wanapotea majira haya. Majani mabichi yana maji hadi asilimia 80, nyasi kavu zina 10 hadi 15. Anakula kikavu zaidi huku akinywa kidogo zaidi kwa sababu maji yanauma meno. Tumbo linaziba. Lengo ni lita 25 hadi 40 kwa siku, maji yakiwa kati ya nyuzi 7 na 18. Theluji haimtoshi, asikudanganye mtu.

Tumia hita ya pipa, waya uvikwe bomba asiutafune, na pawe na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) na swichi inayokata umeme wenyewe. Farasi wote wakiacha kunywa ghafla na maji ni safi, fundi apime volti kati ya maji na ardhi. Umeme mdogo ambao wewe huusikii, mdomo wake unausikia. Bila hita, ndoo mbili za maji moto mara mbili kwa siku, apewe wakati wa kula. Chumvi ya mezani gramu 30 kwenye machicha yake kila siku itamvuta kunywa.

Hesabu mafungu ya kinyesi, nane hadi kumi na mawili kwa siku ndiyo kawaida. Yakipungua, yakawa madogo makavu yenye utando, au akaparua ardhi na kugeukia ubavu, ni msokoto wa tumbo. Mwondolee chakula, pima mapigo (28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia), umpigie daktari umtajie namba hiyo kwanza.