Ile Dodoma Hotel mbele ya stesheni ya zamani, historia yake ikoje?

Kijana wa Makole:
Mbukwenyi wakuu. Wenyeji naomba kuuliza, hii hoteli ya zamani inayotazamana na stesheni kwa nini iliwekwa pale wakati mji enzi hizo ulikua mdogo tu? Nimehamia huku na wizara, kila nikipita najiuliza maana siku hizi mambo yote yako huko kwenye maghorofa mapya.

Mzee wa Behewa:
Karibu Dodoma mwanangu. Jibu unalo mwenyewe, umesema stesheni. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar 1905, hapa ikafika 1910, Kigoma 1914. Mji wenyewe ni mtoto wa reli, ndo maana hoteli ilikua inaitwa Railway Hotel. Abiria anashuka na sanduku lake anavuka barabara kashafika, hamna cha bodaboda wala nini. Halafu hapa palikua njia panda haswa, unayetaka Arusha kwa kupitia Kondoa au unayeenda Iringa unashukia hapa hapa, na kuanzia 1932 ndege za Imperial Airways za London kwenda Cape Town zilikua zinatua Dodoma zikitoka Moshi kabla ya Mbeya. 1937 wakaleta ndege za kutua majini zikapita pwani, sisi bahari tutaitoa wapi, tukaachwa.

Zabibu Tamu:
Mzee shikamoo. Mleta mada usiishie kuangalia kwa nje, ingia uone ua wake, vyumba vimezunguka bustani na bwawa, nje jua la saa nane na upepo wetu huu wa vumbi ila wewe umekaa kivulini na soda yako. Wa sasa wanajaza vioo jengo zima halafu wanafunga AC kila chumba, Dodoma hii jamani!

Mbishi wa Kikuyu:
Reli sawa ila siasa nayo msiisahau. TANU walipitisha makao makuu yaje huku 1973, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa mwaka huo huo, Bunge likahamia 1996. Wabunge wakiingia mjini chumba kilikua cha kugombania.

Mzee wa Behewa:
Zabibu marahaba. Mbishi una pointi, ila Bunge likiahirishwa wanaondoka, msafiri ndo wa kila siku. Sasa reli mpya ya SGR imeanza 2024 na stesheni yake sio pale, hapo ndo kuna kazi.

Kijana wa Makole:
Asanteni sana wakuu. Jumamosi naenda kuuona huo ua, soda bei gani pale?

Zabibu Tamu:
Nenda na hela kidogo ya ziada, sio bei ya kiosk 😂