Mpwa wangu asiyeona anamaliza kidato cha sita: gharama za chuo kikuu tuzitafute wapi?

Mjomba wa Mvumi

Mbukwenyi ndugu zangu. Ninamlea mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye alipofuka akiwa na miaka minne baada ya kuugua surua. Elimu ya msingi aliipata Buigiri, ile shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1950 hapa wilayani kwetu Chamwino, na sasa yuko kidato cha sita katika shule ya bweni akisoma tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mwezi Mei atafanya mtihani wa mwisho. Walimu wake wananiambia kuwa atafaulu, na yeye mwenyewe ameshaamua kwamba atasomea sheria.

Mimi ni mkulima wa alizeti na mtama, na kipande changu cha zabibu hakifiki hata nusu eka, kwa hiyo ada ya chuo kikuu siiwezi. Nimeulizia huku na huko na nimepewa majibu matatu. Wa kwanza alinitajia Samia Scholarship. Wa pili alisema niende halmashauri, kwa sababu kuna asilimia mbili ya watu wenye ulemavu. Wa tatu ni binamu wa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye alinitumia orodha ya ufadhili wa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wasioona, na mmoja wao ni wa dola 8,000. Niliposoma kiasi hicho sikulala usiku ule.

Kuhusu mkopo wa serikali, nakiri kwamba ninauogopa. Mtoto huyu akikopeshwa leo halafu asipate wa kumwajiri, deni hilo atalilipa kwa kitu gani? Naomba mwenye kujua anieleweshe bila kunificha.

Mwalimu Kongwa

Mjomba, shikamoo. Mimi mwenyewe sioni tangu utotoni. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo, na leo ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Nitaanza na hayo majibu matatu uliyopewa, kwa sababu yanaweza kukupotezea miezi ambayo huna.

Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, hugharamia wanafunzi waliofaulu kwa viwango vya juu kabisa katika tahasusi za sayansi, ambao wanakwenda kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Mpwa wako yuko HKL, kwa hiyo haimhusu. Jambo hili huniuma kila ninapolieleza, kwa maana wengi wetu hatukuzikimbia sayansi kwa kutozipenda. Mimi niliachishwa hisabati nikiwa kidato cha pili kwa sababu shuleni hapakuwa na mtu wa kunichorea pembetatu ya kupapasa kwa vidole, na kuanzia siku hiyo milango ya fani nyingi ilifungwa kabla sijaijua.

Asilimia mbili ya halmashauri ni sehemu ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo wanawake hupata nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Ni mikopo isiyo na riba kwa ajili ya biashara na miradi ya uzalishaji. Ada ya chuo haimo.

Ufadhili wa dola 8,000 naufahamu. Hutolewa na National Federation of the Blind, chama cha wasioona cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1940, na kila mwaka huchagua wanafunzi 30. Ni jambo jema sana kwao, lakini mwombaji ni lazima awe mkazi wa Marekani au Puerto Rico na asome katika chuo cha huko. Orodha nyingi za namna hiyo zinazosambaa kwenye simu zetu zina sharti kama hilo, nalo limeandikwa chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyekwisha kufurahi hafiki. Akitokea mtu wa kukuomba fedha ili akushughulikie ufadhili huo, mkatalie papo hapo.

Sasa nije kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huupima uhitaji wa mwombaji, na ulemavu ni miongoni mwa vigezo vinavyompa kipaumbele, kama ulivyo uyatima. Mpwa wako ana vyote viwili. Mkopo huo una mafungu ya ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Mnufaika akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyowaumiza waliotutangulia, iliondolewa mwaka 2021. Ukiuliza nani atamwajiri, nitakujibu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sitakudanganya kuwa waajiri wote wanaitii. Mimi nilisubiri ajira kwa miaka mitatu. Hata hivyo, nilisubiri nikiwa na shahada mkononi, na ajira ilipotangazwa nilikuwa na cha kupeleka. Nakusihi, usimnyime kijana chuo kwa kuliogopa deni ambalo hulipwa kutokana na mshahara.

Karani Mstaafu

Mwalimu ameeleza vyema, nami nitaongeza upande wa karatasi, kwa kuwa nimefanya kazi ya udahili kwa miaka mingi na nimeona vijana wenye haki ya wazi wakikosa mkopo kwa sababu ya herufi moja.

Mzee mwenzangu, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Kaa na cheti cha kuzaliwa cha kijana na cheti cha kifo cha mama yake leo hii, kisha ulinganishe majina, herufi kwa herufi, na yale yaliyo kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa, na ikiwa mahali pamoja ameandikwa Mazengo na pengine Mazengu, utatumia wiki kadhaa kurekebisha. Ikiwa dada yako alifariki nyumbani na kifo hakikusajiliwa, anza hilo kwanza, maana ndilo refu kuliko yote.

La pili ni uthibitisho wa ulemavu. Bodi haipokei maneno matupu wala picha ya mtu aliyeshika fimbo nyeupe. Inatakiwa fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya, kwa hiyo mpeleke kijana hospitali akapimwe wakati wa likizo, wala usiamini kwamba kwa kuwa kila mtu kijijini anajua haoni, basi karatasi si lazima. Fomu ya maombi yenyewe hujazwa kwenye mtandao, kisha huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, viongozi wa serikali ya kijiji na wakili au hakimu, halafu hupakiwa tena. Namba ya mtihani wa kidato cha nne anayoitumia kuomba chuo iwe hiyo hiyo anayoitumia kuomba mkopo. Mkikwama, kuna ofisi ya kanda ya Bodi hapa Dodoma mjini. Nendeni wenyewe badala ya kumwachia kijana wa kibanda cha intaneti awajazie kwa kubahatisha.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi pia sioni, na ninasoma chuo kikuu hapa Dodoma kwa mkopo. Ningependa mjomba ajue mapema kwamba mkopo utalipa ada, lakini kuna gharama ambazo mwenzetu anayeona hazimfiki kabisa. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hula kurasa mbili au zaidi za nukta nundu, yaani maandishi yetu ya kupapasa, tena kwa karatasi nzito ambayo haiuzwi kila duka. Kitabu kisicho na nakala laini ni lazima mtu akiskani au anisomee, na msomaji huyo, hata awe rafiki, anahitaji nauli na chakula. Vitivo vya chuo chetu viko mbalimbali juu ya vilima, kwa hiyo katika wiki za mwanzo nilihitaji mtu wa kunishika mkono mpaka nilipoyazoea mapito. Fedha ya kujikimu, ambayo sisi huiita bumu, ndiyo iliyobeba yote hayo, na katika muhula wa kwanza iliisha kabla ya mitihani.

Lililoniokoa ni kompyuta mpakato ya mtumba na programu ya NVDA. Programu hiyo husoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na haiuzwi, hutolewa bure. Kwa mtu atakayesoma sheria, ambaye kazi yake yote ni kusoma, naona kompyuta hiyo ni muhimu kuliko godoro. Ikiwa kuna kanisa, msikiti au ndugu wanaotaka kuchanga lakini hawawezi ada, waombeni kompyuta, kisha kijana ajifunze kuitumia katika miezi ile kati ya mtihani na kufunguliwa kwa chuo. Mimi nilijifunza nikiwa tayari darasani, na alama zangu za mwaka wa kwanza zinaonyesha hivyo.

Akishapokelewa, siku ya kwanza aulize ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, aandikishe namna atakavyofanya mitihani, na aombe nakala laini za mihadhara. Asingoje mhadhiri amkumbuke.

Mwalimu Kongwa

Naongeza jambo moja tu kuhusu ufadhili wa nje, ili mjomba asidhani kwamba hakuna kabisa. Mpango wa Mastercard Foundation kwa wanafunzi wa Afrika huwakaribisha vijana wenye ulemavu, na kila chuo kinachoshirikiana na mpango huo hutangaza nafasi zake chenyewe, kwa hiyo mnaweza kuomba huku mkiendelea na Bodi. Commonwealth na Chevening za Uingereza ni za baada ya shahada ya kwanza, na Chevening hutaka pia uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili. Hizo aziweke moyoni kwa siku za mbele.

Mjomba wa Mvumi

Nawashukuru kwa moyo wote. Cheti cha kuzaliwa nimekitoa sandukuni, na jina la babu lina herufi iliyopungua, kwa hiyo Jumatatu nitakwenda kuulizia marekebisho. Kuna moja limenisumbua katika maelezo ya Karani. Kijana huyu anaandika nukta nundu vizuri, lakini hajawahi kushika kalamu. Fomu hiyo ataisainije? Je, nimsainie mimi?

Mwalimu Kongwa

Hapana, Mjomba, usimsainie. Dole gumba lipo na linakubalika katika mambo mengi, lakini anakwenda kuwa mwanasheria, na kabla ya hapo atafungua akaunti ya benki kwa jina lake. Chukua kadi ngumu, hata ya boksi la sabuni, ukate dirisha dogo lenye urefu wa kidole cha kati na upana wa kidole gumba. Iweke kadi juu ya karatasi, naye atazipapasa kingo na kuandika ndani ya dirisha hilo bila kalamu kutoka nje. Mchongee jina lake kwenye kipande cha ubao ili alifuatishe kwa kidole kwanza, halafu alifuatishe kwa kalamu. Mimi nilifundishwa hivyo na shangazi yangu, na ilinichukua kama wiki mbili kupata sahihi inayofanana kila mara.

Mjomba wa Mvumi

Kadi nimeikata jana jioni, na ubao fundi seremala wa hapa kijijini ameuchonga bila kunitoza chochote. Kijana atarudi likizo Ijumaa.